Vyama vya walimu Kenya: Ada ya mwanachama, kiti cha Bunge na bei ya uongozi

Kenya inapoelekea Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027, walimu wamerejea katika nafasi waliyoizoea kila kura inapokaribia: kundi kubwa la wafanyakazi linalobembelezwa na kila upande. Julai 2025 vyama vyao vilitia saini mkataba mpya wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi wa miaka minne, wenye thamani ya takriban shilingi bilioni 33.8 za Kenya. Miezi miwili baadaye, Rais William Ruto aliwakaribisha maelfu ya walimu katika Ikulu ya Nairobi na kuahidi kuongeza maradufu fedha za kuwapandisha vyeo, kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 2.

Kwa mwalimu anayesubiri kupandishwa cheo, habari hizo ni njema. Hata hivyo, ukaribu huo kati ya vyama vya walimu na wenye madaraka umezua tena swali ambalo lilikaribia kukiangamiza chama kikongwe zaidi cha wafanyakazi hao: kiongozi wa chama anapoketi pamoja na wanasiasa, gharama ya kiti hicho inalipwa na nani?

Kenya ina jibu la hivi karibuni. Katikati ya mwaka 2019 Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kilikuwa na wanachama zaidi ya 187,000, na kwa mujibu wa hesabu zilizotajwa wakati huo kilipokea ada ya takriban shilingi milioni 144 kila mwezi. Miaka miwili baadaye walikuwa wamebaki wanachama wasiofika 30,000. Matawi yalishindwa kulipa mishahara ya watumishi wake na kodi za ofisi. Chama hakikuwa kimepigwa marufuku, na viongozi wake hawakuwa kizuizini. Kilichokatika ni mfereji wa fedha.

Shilingi inayopita mkononi mwa mwajiri

Ili kuelewa jinsi chama kikubwa kiasi hicho kilivyoweza kuporomoka kwa kasi hiyo, ni lazima kwanza kufuata safari ya ada ya mwanachama.

Mwalimu wa Kenya halipi ada yake dirishani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mwajiri wajibu wa kukata ada kwenye mshahara wa mwanachama na kuiwasilisha katika akaunti ya chama. Kwa KNUT, makato hayo yamekuwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 600 kwa mwezi, yaani shilingi 7,200 kwa mwaka. Kwa mtu mmoja ni kiasi kinachosahaulika upesi. Kwa walimu 187,000 ni mapato ambayo vyama vingi vya siasa nchini humo haviwezi kuyaota.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu pia ada ya uwakala, ambayo hukatwa kwa mfanyakazi asiye mwanachama lakini anayenufaika na mkataba uliojadiliwa na chama. Hoja yake ni ya haki: asiyechangia gharama za majadiliano asivune matunda yake bure. Ili kutambuliwa kuwa mshirika wa majadiliano hayo, chama hutakiwa kuwa kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama wake. Idadi ya wanachama kwa hiyo ina kazi mbili kwa wakati mmoja: ndiyo chanzo cha fedha, na ndiyo tiketi ya kuingia katika chumba cha majadiliano.

Mkataji wa ada hiyo ni Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iliyoanzishwa mwaka 1967 na kupewa hadhi ya kikatiba katika kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010. TSC humsajili mwalimu, humwajiri, humpangia kituo, humpandisha cheo na kumwadhibu. Ndiyo inayoketi upande wa pili wa meza chama kinapodai nyongeza. Na ndiyo inayoshika fedha za chama kila mwisho wa mwezi, kabla hazijakifikia chenyewe. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Katika uhusiano wa KNUT na TSC, kisu hicho kilikuwa mkononi mwa mwajiri tangu zamani. Kwa miongo mingi hakikutumika, na viongozi wa chama wakazoea kuishi kana kwamba hakipo.

Mgomo na kura

KNUT ilianzishwa Desemba 1957, wakati wa ukoloni, ikidai mwajiri mmoja kwa walimu wote badala ya wamisionari na serikali za mitaa waliolipa kila mmoja kwa kipimo chake. Kuundwa kwa TSC mwaka 1967 kulikuwa, kwa kiasi kikubwa, ushindi wa chama hicho. Mwajiri ambaye leo analaumiwa kwa kukibana chama alizaliwa kutokana na madai ya chama chenyewe.

Nguvu ya kisiasa ya KNUT ilionekana wazi mwaka 1997. Chini ya Katibu Mkuu Ambrose Adongo, walimu waligoma mwezi Oktoba, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Desemba uliokuwa mgumu kwa Rais Daniel arap Moi. Serikali ilikubali nyongeza kubwa mno, ambayo ingelipwa kwa awamu katika kipindi cha miaka mitano. Baada ya uchaguzi, ikasema haina fedha za kutekeleza awamu zilizofuata. Walimu walirudi katika mgomo mwaka 1998, lakini safari hii hapakuwa na kura ya kuwaombea, na mgomo ukaisha bila mafanikio.

Somo la 1997 na 1998 lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulisema kwamba wakati mzuri wa kudai ni karibu na uchaguzi. Upande wa pili ulisema kwamba ahadi inayotolewa kwa sababu ya kura hupoteza uzito mara kura zinapohesabiwa. Uongozi wa chama katika miaka iliyofuata ulishika zaidi upande wa kwanza.

Mwaka 2015 mvutano ulifikia kilele. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamuru walimu walipwe nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ikashikilia kwamba hazina haiwezi kubeba mzigo huo. Shule za umma zilisimama kwa takriban wiki tano mwezi Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza hiyo. Hatimaye, Oktoba 2016, pande zote zilitia saini mkataba wa miaka minne wa shilingi bilioni 54. Mkataba huo ndio uliokuja kugeuka mtego.

Kiti kimoja, viapo viwili

Katibu Mkuu wa KNUT tangu mwishoni mwa mwaka 2013 alikuwa Wilson Sossion, ambaye awali alikuwa mwenyekiti wa kitaifa. Alikuwa msemaji hodari, mwenye msimamo mkali dhidi ya mwajiri, na walimu wengi walimwona kuwa mtetezi asiyenunulika.

Mwaka 2017 chama cha ODM, kilichokuwa upinzani, kilimteua kuwa mbunge. Uteuzi huo ulikuwa na msingi katika Katiba. Kifungu cha 97 kinatenga viti 12 katika Bunge la Taifa kwa wabunge wanaoteuliwa na vyama kuwakilisha makundi maalumu, wakiwemo vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Watetezi wake walihoji: kama Katiba inataka wafanyakazi wawe na sauti Bungeni, nani anastahili zaidi ya kiongozi wa chama kikubwa cha wafanyakazi?

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haikujibu ugumu wa pili. Mbunge wa kuteuliwa hakupigiwa kura na wafanyakazi. Yumo Bungeni kwa orodha ya chama cha siasa, na utii wake wa kwanza katika upigaji kura ni kwa chama hicho. Katibu Mkuu wa chama cha walimu, kwa upande mwingine, anawatumikia walimu wa chama tawala, wa upinzani na wasiofuata upande wowote, na wote hukatwa asilimia 2 ile ile. Kuanzia siku ya kiapo cha Bunge, kila alichosema Sossion dhidi ya serikali kingeweza kusomwa kwa namna mbili: kama dai la walimu, au kama shambulio la upinzani.

Serikali na TSC hazikukosa kulitumia hilo. TSC iliondoa jina lake katika rejista ya walimu, hatua aliyoipinga mahakamani. Ndani ya chama, Baraza la Utendaji lilipiga kura ya kumwondoa Agosti 2019 na kumtaja Hesbon Otieno kukaimu nafasi yake, na mahakama ikamrudisha Sossion ofisini. Kwa miezi kadhaa walimu hawakuwa na hakika ni saini ya nani iliyokifunga chama chao.

KNUT haikuwa peke yake. Chama cha pili, KUPPET, kilichoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya walimu wa sekondari na vyuo, nacho kilikuwa na mwenyekiti wake wa kitaifa Bungeni. Omboko Milemba alichaguliwa na wananchi wa Emuhaya mwaka 2017. Tofauti ni kwamba KUPPET ilikuwa imechagua njia ya kuelewana na mwajiri, hivyo kiti cha mwenyekiti wake hakikugeuzwa silaha dhidi yake. Jambo hilo linaonyesha kwamba sheria ya kutenganisha siasa na uongozi wa chama haikutumika kama kanuni kwa wote. Ilikumbukwa pale ilipohitajika.

Ushindi mahakamani, hasara mfukoni

Kiini cha anguko la KNUT, hata hivyo, kilikuwa kesi ambayo chama kilishinda.

TSC ilikuwa imeanzisha miongozo mipya ya upandishaji vyeo, ikichukua nafasi ya mifumo ya zamani ya utumishi iliyomruhusu mwalimu kupanda kwa kujiendeleza kielimu. KNUT ilipinga mahakamani. Julai 2019 Jaji Byram Ongaya aliamua kwamba walimu wa KNUT waendelee kupandishwa vyeo kwa mifumo ya zamani. Viongozi wakasherehekea.

TSC ikaisoma hukumu hiyo kwa jicho la mhasibu. Mkataba wa mwaka 2016, ilisema, ulijengwa juu ya miongozo mipya. Kama mahakama imewatoa wanachama wa KNUT katika miongozo hiyo, basi imewatoa pia katika nyongeza zinazotokana nayo. Awamu iliyofuata ya mkataba ikalipwa kwa wanachama wa KUPPET na kwa walimu wasio na chama. Wanachama wa KNUT hawakupata.

Walimu wawili waliofundisha darasa moja, wenye cheo kimoja na miaka sawa ya utumishi, wakaanza kupokea mishahara tofauti kwa sababu ya mstari mmoja katika hati ya mshahara: jina la chama. Njia ya kuondoa tofauti hiyo ilikuwa rahisi. Mwalimu alijaza fomu ya kujiondoa KNUT, na mwezi uliofuata nyongeza ikaonekana. Maelfu walijaza. KNUT ililalamika kwamba majina mengine yalifutwa na mwajiri bila ridhaa ya wenyewe. TSC ikasisitiza kwamba walimu walihama kwa hiari.

Hapo ndipo kisu kilipotumika. Kila mwalimu aliyeondoka alichukua ada yake, na kila ada iliyopotea ilisogeza chama karibu na siku ya kupoteza uhalali wa kujadiliana. Chama kilichotegemea chanzo kimoja tu cha mapato, kinachopita katika mkono mmoja tu, hakikuwa na akiba ya kutosha kuvuka kiangazi hicho.

Lawama za wengi zilimwangukia Sossion, na zingine zikaiangukia TSC kwa kuwabagua wafanyakazi kwa misingi ya uanachama. Zote zina uzito. Lakini swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni kuhusu vitabu vya chama. Kwa miaka mingi KNUT ilipokea mamilioni ya shilingi kila mwezi. Chama chenye mapato kama hayo kingeweza kujijengea mfuko wa dharura wa kulipa watumishi wa matawi 110 kwa mwaka mmoja bila kutegemea fadhila za mwajiri. Mfuko huo haukuonekana siku ulipohitajika.

Bei ya utulivu

Juni 25, 2021, siku moja kabla ya uchaguzi wa chama, Sossion alijiuzulu. Collins Oyuu akawa Katibu Mkuu bila kupingwa. Uongozi mpya ulichagua mazungumzo, ukaacha njia ya kesi dhidi ya mwajiri, na wanachama wakaanza kurejea.

Mwezi uliofuata, vyama vilitia saini mkataba wa 2021 hadi 2025 ambao haukuwa na nyongeza ya mshahara hata shilingi moja. Serikali ilitaja makali ya kiuchumi yaliyoletwa na janga la korona. Ni vigumu kufikiri kwamba KNUT ya miaka ya nyuma ingekubali hati kama hiyo bila kutikisa nchi. Nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10 ilikuja baadaye, Agosti 2023, baada ya mkataba kufanyiwa marekebisho.

Mfano mwingine ulionekana Agosti 2024. Vyama vyote viwili vilikuwa vimetishia kugoma shule zinapofunguliwa kwa muhula wa tatu. KNUT ilisitisha mgomo wake dakika za mwisho, na KUPPET ikaendelea kwa takriban wiki moja. Mambo yalikuwa yamegeuka: chama kilichojulikana kwa ukali kilikuwa darasani, na kilichojulikana kwa upole kilikuwa barabarani. Wakati huo huo vyama hivyo vinagombania walimu wa sekondari msingi, ngazi mpya ya elimu iliyoleta maelfu ya wanachama watarajiwa, na pamoja nao maelfu ya makato.

Sossion mwenyewe alikwenda upande mwingine wa siasa. Mwaka 2022 aliwania tiketi ya chama cha UDA cha William Ruto kwa kiti cha seneta wa Bomet, akashindwa katika mchujo. Mshika mawili moja humponyoka. Katika kisa hiki yalimponyoka yote mawili. Lakini aliyelipa zaidi ni mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi aliyekaa miaka miwili bila nyongeza aliyostahili, kwa sababu tu alibaki mwaminifu kwa chama chake.

Gharama isiyoandikwa vitabuni

Katika mataifa mengi, mjadala kuhusu fedha za siasa za vyama vya wafanyakazi huhusu hundi: nani alipewa, kiasi gani, na je, mwanachama aliridhia?

Uingereza, ambako sheria nyingi za kazi za Kenya zina asili yake, iliamua tangu mwaka 1913 kwamba chama kinachotaka kutumia fedha kwa malengo ya kisiasa kiweke mfuko tofauti, ulioidhinishwa kwa kura ya wanachama, na mwanachama asiyetaka aruhusiwe kutouchangia. Afrika Kusini, katika sheria yake ya kazi ya mwaka 1995, inakataza ada ya uwakala kulipwa kwa chama cha siasa au kwa mgombea.

Marekani ina mfano ulio wazi zaidi. Sheria ya mwaka 1959 inavitaka vyama vingi vikubwa kuwasilisha taarifa ya fedha kila mwaka kwa Wizara ya Kazi, ikionyesha kando kiasi kilichotumika kwa shughuli za kisiasa. Kwa njia hiyo umma unajua kwamba vyama vya walimu vilitoa mamilioni ya dola kumsaidia Brandon Johnson, aliyewahi kuwa mwalimu na mratibu wa Chama cha Walimu cha Chicago, kushinda umeya wa jiji hilo mwaka 2023. Mwaka uliofuata, baadhi ya wanachama wa chama hicho hicho walikwenda mahakamani wakidai waonyeshwe ripoti za ukaguzi wa hesabu. Hata penye uwazi wa kisheria, mwanachama hulazimika kugonga mlango ili aione shilingi yake.

Wamarekani pia wameiondoa ada ya uwakala kwa watumishi wa umma. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kumkata mtumishi wa umma asiye mwanachama ni kuingilia uhuru wake wa maoni, kwa kuwa majadiliano na serikali ni jambo la kisiasa kwa asili yake.

Nchini Kenya sura ya jambo hili ni nyingine. Si lazima chama cha walimu kimwandikie mwanasiasa hundi ndipo kiwe kimetumia mali ya wanachama kwa siasa. Mali yenye thamani kubwa zaidi iliyo mikononi mwa kiongozi wake ni jina la chama, idadi ya wanachama na uwezo wa kuitisha au kusitisha mgomo. Mali hiyo inaweza kubadilishwa kwa kiti, kwa uteuzi au kwa ahadi, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeiona. Haina stakabadhi. Gharama yake hujitokeza baadaye, katika nyongeza iliyokosekana au mgomo ulioitishwa kwa saa isiyofaa.

Kwa majirani, sura ni tofauti kidogo tu

Hali hiyo haiko Kenya pekee. Tanzania nayo ina makato ya asilimia 2 ya Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilichosajiliwa mwaka 1993, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaruhusu ada ya uwakala. Kwa mwalimu wa mshahara wa shilingi 800,000 za Tanzania, makato ni shilingi 16,000 kila mwezi. Chama hicho kimewekeza katika jengo la Mwalimu House jijini Dar es Salaam, na kilikuwa mwanzilishi wa Benki ya Biashara ya Mwalimu, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2015. Uwekezaji umewapa walimu mali ya kuonyesha, lakini haujamaliza manung'uniko kuhusu ukubwa wa makato, na vyama vingine kama CHAKUHAWATA vimejitokeza kutafuta wanachama wale wale.

Mstari kati ya chama na dola nao umejaribiwa huko. Mwanzoni mwa mwaka 2023 viongozi wawili wa juu wa CWT waliteuliwa kuwa wakuu wa wilaya. Uteuzi huo haukutekelezwa, nao wakabaki chamani, lakini tukio lenyewe lilizua mjadala mkali miongoni mwa walimu kuhusu namna serikali inavyowatazama viongozi wa chama kinachopaswa kuikabili.

Nchini Uganda mgawanyiko umekuja kwa njia ya mishahara. Serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda, chama cha UNATU kiliitisha mgomo Juni 2022 kikidai usawa. Mgomo ulimalizika bila dai hilo kutimizwa. Baadaye walimu wa masomo ya sanaa wakajitenga na kuwa na chama chao, ambacho mwaka 2025 kiliitisha mgomo wake chenyewe. Kama ilivyokuwa Kenya mwaka 2019, malipo tofauti kwa kazi inayofanana yaliwagawa walimu kwa namna ambayo hotuba za kisiasa zisingeweza.

Yanayosubiriwa kabla ya 2027

Kati ya sasa na uchaguzi ujao, viongozi wa walimu wa Kenya watapewa nafasi nyingi za kuonekana. Baadhi yao watawania viti, na hakuna sheria ya haki inayopaswa kumnyima mwalimu haki hiyo. Historia ya eneo hili imejaa wanasiasa waliotoka darasani. Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu kazi ya kufundisha mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya kazi hiyo na siasa.

Kinachoweza kudaiwa ni utaratibu. Mojawapo ya njia ni katiba za vyama kumtaka kiongozi anayeapishwa kuwa mbunge aachie wadhifa wake wa chama, bila kujali kama chama chake cha siasa kiko serikalini au upinzani. Nyingine ni hesabu zilizokaguliwa kutumwa kwa kila tawi kila mwaka, zikiandikwa kwa lugha ambayo mwalimu wa kawaida anaielewa, badala ya kusomwa harakaharaka katika mkutano wa wajumbe. Ya tatu ni kutenga sehemu ya ada kuwa akiba isiyoguswa, ili siku mwajiri atakapofunga mfereji, chama kiweze kusimama kwa miezi kadhaa.

Sheria pia ina pengo lake. Ilimradi mwajiri mmoja anaendelea kuwa msajili, mlipaji na mkusanyaji wa ada, tukio la 2019 linaweza kurudiwa dhidi ya chama chochote, kikiwemo kile kilichonufaika mara ya kwanza. Teknolojia ya malipo kwa simu, ambayo Wakenya huitumia kulipia karibu kila kitu, inatoa njia mbadala ya kukusanya ada moja kwa moja kutoka kwa mwanachama. Njia hiyo ingeleta pato dogo na lisilo na uhakika. Ingemlazimu pia kiongozi kumshawishi mwanachama kila mwezi kwamba ada yake ina kazi.

Pengine hiyo ndiyo sababu hakuna upande unaoishabikia. Makato ya moja kwa moja yanampa mwajiri udhibiti, na yanampa kiongozi mapato yasiyohitaji maelezo. Mwalimu peke yake ndiye anayeyaona kila mwezi kwenye hati yake ya mshahara. Wanasiasa watakapowaalika viongozi wake tena kabla ya Agosti 2027, atakuwa na haki ya kuuliza wamekwenda kwa niaba ya nani, na wamerudi na nini.